Livingstone, Mama Robert na meli tatu

Ukipita mji mkongwe wa Mikindani utaona nyumba yenye kibao cha jina la David Livingstone. Watoto wa shule hupelekwa pale na kuambiwa kwamba huyu alikuwa mmisionari na mpelelezi kutoka Skotlandi, alipinga biashara ya watumwa, alishuka hapa mwaka 1866, akaenda bara na hakurudi akiwa hai. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna upande wake mmoja ambao hausimuliwi sana, nao ndio tuliouchagua leo: Livingstone kama mchumba, kama mume na kama mjane, na jinsi maisha ya kwenye vyombo vya majini yalivyoivuruga nyumba yake.

Tumeuchagua kwa sababu wasikilizaji wetu wa Msimbati, Litembe na Kilambo hawahitaji kufafanuliwa maana ya mume kwenda dago. Anaondoka na wenzake kwenye mashua, wiki zinakuwa miezi, mke amebaki na watoto, na majirani hawakosi la kusema. Wapo wanawake wanaoamua kufunga mizigo na kumfuata mume huko huko, na huko nako kuna mambo yake. Livingstone na mkewe walijaribu njia zote mbili. Na sehemu ya kisa chao ilipita humu humu kwetu, katika maingilio ya mto Ruvuma.

Simba, kisha posa

David Livingstone alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa Blantyre, Skotlandi, kwenye familia maskini. Alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba akiwa na miaka 10, akasoma usiku, akawa daktari, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini kama mmisionari. Alikuwa bado hajaoa, na hakuonekana kuwa na haraka.

Mwaka 1844 simba alimrukia na kumvunja mkono wa kushoto. Wakati wa kujiuguza alikwenda Kuruman, kituo cha mmisionari mwenzake Robert Moffat. Hapo alikuwapo binti wa Moffat, Mary, aliyezaliwa mwaka 1821 huko huko Afrika na aliyekuwa akisema Kitswana kama mwenyeji. David alimposa Mary bustanini, chini ya mti wa lozi. Januari 1845 wakaoana.

Mary hakuwa mwanamke wa kukaa kivulini akipepewa. Alioka mkate, alitengeneza sabuni na mishumaa, alifundisha watoto wa kijiji. Mtoto wao wa kwanza, Robert, alipozaliwa mwaka 1846, wenyeji walianza kumwita Ma-Robert. Hapa kwetu hilo halihitaji maelezo. Ni Mama Robert, kama vile sisi tunavyosema Mama Hamisi au Mama Asha. Kumbuka jina hilo, maana litarudi likiwa limeandikwa ubavuni mwa meli.

Mama mkwe anakasirika

Livingstone hakuweza kutulia mahali pamoja. Mwaka 1850 aliivuka Kalahari kwa gari la ng'ombe akiwa na mke mjamzito na watoto watatu wadogo, maji yakiwa ya shida na homa nyingi. Muda mfupi baada ya kurudi Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, ambaye aliishi wiki chache tu. Mwaka uliofuata akamchukua tena safarini, tena akiwa mjamzito. Mama yake Mary alimwandikia mkwewe barua kali, akimuuliza kama kumpoteza mtoto mmoja hakujamtosha. Alikwenda hivyo hivyo. Mtoto wa tano, William Oswell, alizaliwa njiani, kando ya mto, Septemba 1851.

Wapo wanaomtetea, kwamba Mary mwenyewe alipendelea kusafiri kuliko kuachwa. Huenda. Sisi tunaona kwamba mama mkwe alikuwa na haki ya kuuliza.

Aprili 1852 Livingstone akageuza mpango. Aliwapandisha mkewe na watoto wanne kwenye meli ya kwenda Uingereza, akiwaahidi kutengana kwa miaka miwili. Ikawa karibu mitano. Yeye alikuwa akilivuka bara kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki, na jina lake likikua kwenye magazeti. Mary alikuwa akihama kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine katika nchi yenye baridi asiyoizoea, hana fedha, hapatani na wakwe, na barua zinachelewa miezi kwa miezi. Katika miaka hiyo alianza kunywa pombe. Livingstone aliporudi Desemba 1856, Mary alikuwa amemtungia shairi la kumkaribisha.

Meli ya kwanza yapewa jina la mke

Machi 1858 serikali ya Uingereza ilimtuma Livingstone kuuchunguza mto Zambezi, na safari hii Mary akapanda naye melini pamoja na mtoto wao mdogo. Sitahani alikuwa akitapika kila siku. Wakadhani ni bahari. Kumbe ni mimba. Walipofika Cape Town akateremshwa aende kwa wazazi wake Kuruman, ambako Novemba mwaka huo alijifungua Anna Mary. Mume akaendelea mbele.

Humo melini walikuwa wamebeba boti ya mvuke iliyogawanywa vipande, ya kuunganishwa mdomoni mwa Zambezi. Boti hiyo iliitwa Ma Robert. Kwa hiyo mke mwenyewe aliachwa nyuma, lakini jina lake likaenda na safari.

Na boti yenyewe ilikuwa balaa. Iliendeshwa kwa kuni, na ilihitaji kukatiwa kuni kwa zaidi ya siku nzima ili iende siku moja. Mabati yake membamba yalitoboka na kuzibwa, yakatoboka tena. Ilihema na kukohoa hata mabaharia wakaipa jina la utani la mgonjwa wa pumu. Desemba 1860 ilikwama kwenye fungu la mchanga na kuzama.

Wanaume walioishi ndani yake waligombana vibaya. Ukikaa na watu wale wale kwenye chumba kisicho na nafasi ya kujinyoosha, kila mmoja ana homa, neno dogo linakuwa kesi. Livingstone aliwafukuza kazi baadhi yao.

Ruvuma kwa mara ya kwanza

Mapema mwaka 1861 meli ya pili ilifika, Pioneer. Wareno walikuwa wakidai Zambezi ni yao, kwa hiyo Livingstone alitaka njia nyingine ya kuingia ziwa Nyasa. Aliwaza kwamba labda Ruvuma unatoka ziwani. Sasa tunajua kwamba hautoki huko. Unaanzia kwenye vilima vya mashariki ya ziwa. Wakati huo Wazungu hawakulijua hilo.

Machi 1861 Pioneer iliingia mdomo wa Ruvuma, ikiwa imewabeba pia Askofu Mackenzie na wamisionari wenzake. Walipanda kama maili 30 tu. Maji yalikuwa yakishuka siku hadi siku, na Pioneer ilizama ndani kiasi cha futi 5. Anayevusha watu kwa mtumbwi pale Kilambo atakuambia kwamba mto huu unahamisha mafungu yake ya mchanga kila msimu, na njia uliyopita mwaka jana mwaka huu ni nchi kavu. Mabaharia karibu wote waliugua homa. Ikabidi wageuze kabla meli haijakwama hadi masika mengine.

Mary wakati huo alikuwa Skotlandi. Alikuwa amerudi huko na watoto, na sasa alitaka jambo moja, kumfuata mumewe. Julai 1861 alianza safari, akamwacha Anna Mary kwa ndugu. Baba yake mtoto huyo hakuwa amemwona bado.

Habari za meli kwanza, za mke baadaye

Mwisho wa Januari 1862 Livingstone alikuwa akingoja mdomoni mwa Zambezi ndani ya Pioneer. Manowari ya Uingereza, Gorgon, ikatokea ikifuatana na merikebu ndogo. Siku hizo vyombo viliongea kwa bendera. Bendera za kwanza zilimwambia kwamba boti yake mpya ya mvuke imo ndani ya merikebu. Akajibu kwamba hiyo ni habari njema. Ndipo zikapandishwa bendera nyingine kumwambia kwamba mkewe naye yumo. Akajibu kwa shukrani.

Boti hiyo ndiyo meli ya tatu, Lady Nyassa. Aliilipia kwa fedha zake mwenyewe, karibu pauni 6,000, nyingi zikiwa mapato ya kitabu chake cha kwanza. Ilitengenezwa kwa vipande ili ibebwe kwa miguu kupita maporomoko ya mto Shire, kisha iunganishwe na kuelea ziwa Nyasa.

Pamoja na Mary walikuja wanawake wengine wawili kuwafuata watu wao. Mmoja alikuwa dada yake Askofu Mackenzie, mwingine mke wa mmisionari Burrup aliyekuwa na siku chache za ndoa alipoachwa. Walipofika mtoni, askofu alikuwa tayari amekufa au yu karibu kufa kwa homa, na wiki chache baadaye Burrup akafa. Walirudi zao bila kuwaona.

Yalikuwapo na maneno. Kwenye merikebu ile alisafiri pia kijana wa Kiskoti, James Stewart, aliyekuja kutafuta mahali pa kuanzisha misheni. Alikuwa amemsindikiza Mary tangu Uingereza, na Mary, mwenye huzuni na kiu ya pombe, mara nyingine alimwita usiku amsaidie. Wasemaji wakasema, na mhandisi wa meli akawa mmoja wa waliolieneza. Hakuna ushahidi wowote wa jambo baya kati yao. Stewart aliandika zaidi juu ya uchovu wa kumhudumia. Livingstone aliposikia hakuyapa uzito, na tunadhani katika hilo alifanya vizuri kuliko waume wengi.

Kwa hiyo mke na mume wakawa pamoja, kwenye sitaha ya Pioneer. Meli ilikuwa imelemewa na vipande vya Lady Nyassa, injini mbovu, mto una mafungu, na ule ndio msimu wa mbu. Walikwama siku nyingi kwenye mikono ya Zambezi, mahali ambapo wenyeji wenyewe hawakai wakati huo wa mwaka. Baadaye Livingstone aliandika kwamba siku hizo walikuwa wakitaniana kama vijana. Alimwambia mkewe kwamba watu wazima kama wao sasa wapunguze mchezo, na Mary akakataa, akitaka abaki mcheshi kama alivyokuwa siku zote.

Katikati ya Aprili Mary alishikwa na homa. Alitapika kila baada ya muda mfupi, kwinini haikukaa tumboni. Alitolewa melini akapelekwa kwenye nyumba ya mawe ya Wareno pale Shupanga, akalazwa juu ya kitanda kilichotandikwa kwenye masanduku. Alikufa jioni ya tarehe 27 Aprili 1862, akiwa na umri wa miaka 41. Stewart alikuwapo, akaomba pamoja nao. Walimzika kesho yake chini ya mbuyu. Waliokuwapo walisimulia kwamba mtu yule mgumu alilia kama mtoto, na katika shajara yake aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani anatamani kufa.

Tukipiga hesabu, ndoa yao ilidumu miaka 17 na miezi mitatu. Karibu nusu yake waliishi mbalimbali. Baada ya kuonana tena kwenye Zambezi walipata siku zisizotimia 90.

Mjane kwenye Ruvuma

Juni 1862 Lady Nyassa iliunganishwa pale pale Shupanga, karibu na kaburi, ikateremshwa majini. Lakini maji ya Shire yalikuwa yamepungua mno, isingepanda. Livingstone hakutaka kukaa. Miezi minne na nusu baada ya mazishi akarudi Ruvuma.

Safari hii Pioneer ilibaki karibu na mdomo, wao wakapanda kwa mashua, Septemba, katikati ya kiangazi. Waliburuta mashua juu ya mchanga, wakashuka majini kusukuma, wakapanda tena. Mahali pamoja walishambuliwa kwa mishale na bunduki, wakajibu kwa risasi na watu wawili wa kule wakauawa. Kwa zaidi ya maili 100 aliendelea kusukuma mbele hadi miamba ilipofunga njia, na hata hapo hakutaka kukubali. Daktari John Kirk, mwenzake wa safari, aliandika kwenye shajara yake kwamba haoni maelezo mengine ila kwamba bwana mkubwa amepotewa na akili.

Sisi hatusemi alikuwa kichaa. Lakini anayesoma safari hiyo ya Ruvuma bila kukumbuka lile kaburi la Shupanga hawezi kuielewa. Mtu aliyemwita mkewe mtoni na kumzika ndani ya miezi mitatu angependa sana mto wa pili umpe jibu la kwa nini. Ruvuma haukumpa. Hatimaye waligeuza, wakateremka hadi melini.

Mwaka 1863 serikali ilimwita arudi. Pioneer ilikuwa mali ya serikali, akaikabidhi. Lady Nyassa ilikuwa yake, na kwa kuwa hakutaka wafanyabiashara wa watumwa wainunue, aliamua kuiuza India. Tarehe 30 Aprili 1864 aling'oa nanga Zanzibar, yeye mwenyewe akiwa nahodha, na Wazungu watatu, wanaume saba wa Zambezi na vijana wawili, mmoja wao akiwa Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani. Ilikuwa boti ya mtoni ikivuka bahari kuu, mwanzoni mwa kusi. Siku nyingi upepo ulikufa kabisa. Waliingia Bombay baada ya siku 45. Boti ya pauni 6,000 baadaye iliuzwa 2,300, na hizo nazo zikapotea benki ilipofilisika.

Mwaka huo wa 1864, huko Skotlandi, Anna Mary alimwona baba yake kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka mitano. Kaka yake Robert, yule ambaye mama yake aliitwa kwa jina lake, alikuwa amekwenda Marekani na kujiandikisha vitani kwa jina la kubuni. Alifia huko mateka, Desemba 1864, akiwa na miaka 18.

Mikindani, na ndoa za watu wengine

Machi 1866 Livingstone alirudi kwetu kwa mara ya tatu na ya mwisho. Alitaka kushuka mdomoni mwa Ruvuma, lakini alikuwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, na pale palikuwa na mikoko na matope tu. Ndiyo maana akaja Mikindani, ambako alipanga nyumba kwa dola 4 kwa mwezi, na mwanzoni mwa Aprili akaanza safari kwa miguu. Alikuwa na Chuma, pia Susi na Amoda, watu wa Zambezi waliokuwa wamefanya kazi kwenye meli zake.

Hakuoa tena. Lakini katika shajara za miaka yake ya mwisho ndoa za wenzake zina nafasi kubwa. Amoda alikuwa na mke, Halima, mpishi wa msafara. Mwaka 1872, wakiwa karibu na Tabora, alijiunga nao mwanamke mwenye umbo zuri aitwaye Ntaoeka. Livingstone hakupenda mwanamke asiye na mume awe kati ya wanaume wengi, basi akamtajia watatu achague. Mwanamke akacheka. Chuma, aliyekuwa akilaumiwa kwa uvivu, akajitetea kwamba uvivu huo ulitokana na kukosa mke, na akaahidi kubadilika. Ntaoeka akamkubali.

Siku moja Halima aligombana na Ntaoeka akaondoka kambini. Livingstone alituma watu na barua kumtafuta. Halima akarudi mwenyewe, lakini akasimama nje akingoja aitwe ndani. Mzee akatoka, akamwita, akampa nguo nzito ya kujikinga na baridi, na kuandika kwamba wakifika Zanzibar atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba yenye bustani. Mary hakuwahi kununuliwa nyumba yenye bustani.

Hakufika Zanzibar kuitimiza ahadi hiyo. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Chuma na Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo, ukapakiwa melini na kuzikwa London, Aprili 1874. Kaburi la Mary liko Shupanga, Msumbiji, kando ya Zambezi.